Nirudishie Mwili Wangu

Nimestaafu, lakini macho yangu hayajapata habari. Nikiingia dukani hapa mtaani naangalia mikono ya watu waliosimama mbele yangu, na kabla sijalipia maziwa nimeshaamua nani angehitaji mkanda mpana wa kupimia presha na nani angetoshwa na ule wa kawaida. Binti yangu ananiambia niache, watu watadhani nawakodolea mifuko. Siwezi kuacha. Nimeketi miaka mingi nyuma ya pazia la zahanati ndogo kando ya Barabara ya Ngong, karibu na nyumba za Woodley, nikipima uzito, presha na sukari, na sasa jicho linaendelea na kazi bila mshahara.

Siku ya kuniaga, wenzangu wa zahanati, mlinikatia keki. Zahanati nzima tunahubiri habari za sukari, halafu mwenzetu akiondoka tunamzika kwa krimu na soda. Nilikula, sikatai. Mmoja wenu akaniuliza ni mgonjwa gani sijamsahau, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa nikasema nitaandika. Basi ninaandika. Aliitwa Agripina Nekesa, msusi wa Kenyatta Market, na nilitaka sana aishi. Lakini ili mnielewe ni lazima nianze nyuma kidogo.

Nilifika zahanati nikiwa msichana kutoka Taita, nina cheti cha uuguzi na Kiswahili ambacho wenzangu walikicheka wakisema ni cha redio. Siku hizo kulikuwa na mizani moja tu, ile ya chuma ya kusukuma vijiwe, na iliwekwa katikati ya ukumbi, wagonjwa wote wakiitazama kama televisheni. Desturi ilikuwa muuguzi mmoja asome kilo kwa sauti na mwingine aandike akiwa ng'ambo ya chumba. Mgonjwa aliyeizidi mizani aliambiwa aende akapimwe kwa muuza mahindi, kwenye mizani ya magunia. Watu walicheka, na mgonjwa naye alicheka, maana angefanya nini? Ila wengi wao hawakurudi.

Aliyekomesha hayo ni Matroni Kaur. Alikuwa Kalasinga wa Nairobi hii hii, baba yake akiuza misumari na rangi River Road, na alivaa bangili ya chuma iliyogonga meza kila alipokasirika. Alinikuta nikisoma kilo za mama mmoja kwa sauti yangu ya redio. Hakunigombeza mbele ya watu. Aliniita kando.

"Mkamburi, kilo ya mtu ni kama chupi yake," aliniambia. "Wewe hapana tangaza."

Wiki hiyo hiyo mizani ikahamia nyuma ya pazia. Kisha akaondoa viti vya plastiki vyenye mikono, vile ambavyo mtu mnene huingia kwa shida na kutoka akiwa amevivaa, akaleta mabenchi ya mbao. Alisema mtu ambaye hawezi kuketi hawezi kusikiliza. Akanunua mkanda mpana wa presha, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya, huonyesha presha iko juu kuliko ilivyo, na mtu anameza dawa ya ugonjwa wa mkanda. Na kwa waliopita mwisho wa mizani alinifundisha kutumia utepe wa fundi cherehani. Unapima kiuno, basi. Kilo ni nzuri kujua, lakini tumbo ndilo linalosema zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa unene, pole pole, maana shuleni tulipewa nusu ukurasa. Matroni alinieleza kwamba mafuta ya tumboni hayakai tu yakingoja njaa ije. Yanafanya kazi, tena kazi mbaya. Yanauzuia mwili usisikie ile insulini inayoingiza sukari kwenye nyama za mwili, kwa hiyo sukari inabaki ikizunguka kwenye damu, inaharibu mishipa midogo ya macho, ya figo, ya miguu. Moyo nao unasukuma damu kwenye mwili mkubwa kuliko ule ulioandaliwa kuuhudumia. Magoti yanalia. Usiku koo linajifunga na mtu anakoroma mpaka pumzi inakatika, anaamka amechoka, na aliyechoka hula zaidi. Ukimwambia mtu huyo kwamba ni mvivu umemtukana na bado hujamtibu. Nimeona wavivu wembamba wengi sana, baadhi yao walikuwa wakubwa wangu.

Mji nao ulikuwa ukibadilika mbele yetu. Nilipoanza, foleni yetu ilikuwa ya malaria, vikohozi na watoto waliokosa chakula. Baadaye ikawa ya watu wanaokaa ofisini kutwa, mafundi wanaokula chipsi wakiwa wamesimama, akina mama wanaotoka nyumbani kabla ya chai na kurudi wakiwa na njaa ya siku nzima. Mfanyabiashara mmoja Mpunjabi wa vipuri vya magari alikuwa akipigapiga kitambi chake na kuniambia, "Sista, hii mali. Mali hapana pimwa." Matroni akamjibu kwa Kipunjabi, na sikuwahi kujua alisema nini, ila alipanda kwenye mizani.

Jambo ambalo Matroni hakunifundisha, kwa sababu sidhani lilimgusa yeye kwa namna lilivyotugusa sisi, ni woga wa kukonda. Nyinyi wachanga hamkuiona ile miaka ya ukimwi. Tuliwaona jirani zetu wakiisha mwezi hadi mwezi, kola za mashati zikibaki wazi, na tulijua. Kila familia ilizika. Ugonjwa ule ukapata dawa, mshukuruni Mungu, lakini woga wa kukonda haukupata. Mpaka leo ukimwambia Mnairobi "umenona" amefurahi, na ukimwambia "umekonda" umemshtua, atalala akijigusa mbavu.

Matroni alikuwa ameshastaafu Agripina alipoingia. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa akicheka na foleni nzima, ameshamwambia mama mmoja kwamba nywele zake zimesukwa na adui. Alikuwa mwanamke mnene wa kupendeza, mweusi, uso wa duara, na alipoketi alishusha pumzi kama aliyefika kutoka safari. Kwao ni Bungoma. Alikaa mtaa wa Satellite na mumewe Wafula, fundi wa kuchomelea vyuma, na binti yao mmoja, Tina, aliyekuwa bado anasoma. Kichwa kilimuuma wiki tatu.

Presha ilikuwa juu, hata kwa mkanda mpana. Sukari nayo. Daktari alimwandikia dawa, akamwambia kile ambacho madaktari wetu huwaambia watu wote, kwa sentensi moja, macho yakiwa kwenye mgonjwa anayefuata. Agripina akarudi nyuma ya pazia langu.

"Sista, daktari amesema nipunguze uzito. Si angeniambia niupeleke wapi?"

Nilicheka, kisha nikamuuliza siku yake inavyokwenda. Anaamka, anamwandaa Tina, anatoka bila kula. Sokoni anasimama kutwa. Mnaijua Kenyatta Market, wasusi wanagombania kichwa tangu mlangoni, na kichwa kimoja kikipatikana wanakizunguka watu watatu ili kiishe haraka kije kingine. Katikati ya kichwa na kichwa analetewa chipsi na soda, au nyama choma na ugali kutoka upande wa pili, maana moshi wake unakuja wenyewe kukuita. Nyumbani anapika, anakula na wenzake, analala.

"Na ukikataa nyama ya kastoma anasema unaringa," aliniambia. "Hapo kwetu kula ni kazi pia."

Hatukufanya miujiza. Uji kabla ya kutoka. Maji badala ya soda. Githeri, yale mahindi na maharagwe, na sukuma wiki kwenye kontena lake mwenyewe, nyama kipande na si kilo. Asubuhi atembee Barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner ndipo apande gari. Nilimwambia kilo hazikuja kwa lori na hazitaondoka kwa lori. Alikuwa mtu wa ajabu, Agripina. Alifanya yote. Wengi wetu tunaowafundisha wengine hatuwezi kufanya hata nusu.

Mwaka haukuisha kabla utepe haujaanza kutuambia habari njema. Presha ikashuka, daktari akampunguzia dawa. Magoti yakanyamaza. Akaacha kukoroma, na hilo likaleta shida yake: "Wafula hapati usingizi. Nyumba imekuwa kimya, anaamka kuniangalia kama niko." Tulicheka mpaka daktari akachungulia. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa jambo lolote jingine la kazi yangu. Nilimweleza kila mtu habari zake, bila kutaja jina, nikirudi nyumbani nikiimba.

Halafu akaja siku moja hacheki. Aliketi kwenye benchi, na zamu yake ilipofika aliingia akafunga pazia mwenyewe.

Kastoma wake wa miaka mingi alikuwa amefika sokoni, akamtazama, akasema, "Mama Tina, umeisha hivi! Uko sawa kweli?" Kisha akaketi kwa msusi mwingine. Akasema ana haraka. Wiki iliyofuata wengine wawili. Hawakumwambia kitu, walimwepuka tu kwa macho, na aliposhika chanuo lake mmoja alisema amekuja na chanuo lake kutoka nyumbani. Ulimi hauna mfupa. Soko zima lilijua ugonjwa ambao Agripina hakuwa nao.

"Nikaenda nikapimwa, Sista. Niko sawa. Nikawaambia wenzangu hapo sokoni, nimepimwa, niko sawa. Unajua walinijibu nini? Walisema hongera kwa kukubali hali yako."

Akina mama wa kanisa wakaja kwake Satellite Jumapili alasiri, kumtembelea mgonjwa kama ilivyo desturi. Walileta mkate, sukari, mafuta ya kupikia, pakiti ya glukosi na soda za chupa kubwa. Walipiga magoti sebuleni wakamwombea huku wakilia. Aliwaambia yeye si mgonjwa, amepunguza mwili kwa ushauri wa hospitali, nao wakalia zaidi, maana mgonjwa anayekataa ugonjwa ndiye anayetisha. "Waliniombea mpaka nikaogopa kweli," aliniambia.

Mwisho akaja mama mkwe kutoka Bungoma, ameleta kuku wawili na unga wa wimbi. Alikuwa mwanamke mwema, nilimjua baadaye. Hakutukana mtu. Alimketisha mkazamwana wake na kumwambia kwamba kule nyumbani watu wanauliza Wafula anamlisha nini mkewe, na kwamba aibu hiyo haimhusu yeye peke yake. Akaingia jikoni kupika.

Agripina alisimulia yote hayo akiniangalia. Kisha akashika mkono wangu, ule wenye utepe.

"Nirudishie mwili wangu, Sista. Huu mwepesi hauna kastoma."

Nimepata mafunzo ya kumwambia mtu mtoto wake amekufa. Sikuwa na mafunzo ya hilo. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao: kwamba mwili wa zamani ulikuwa unamuua, kwamba akirudi huko sukari itarudi na itaanzia mahali asipopaona. Alinisikiliza. Akaniambia anajua, lakini Tina anasoma kwa vidole vya mama yake, na Wafula kazi zake ni za leo ipo kesho haipo. Ndipo akapata wazo lake.

"Njoo sokoni unisuke—ninakosea hata kusema—njoo nikusuke. Kuja na hizo nguo zako za kazi. Wakiona sista mwenyewe ameniachia kichwa, wataaibika."

Nililiona wazo zuri, na bado naliona lilikuwa zuri. Nilikwenda Ijumaa mchana, nimevaa gauni langu jeupe lililopigwa pasi na saa yangu ya kifuani. Niliketi kwenye kiti chake katikati ya soko, akanisuka twist ndogo ndogo, akizungumza kwa sauti ya juu ili wote wasikie, nami nikamjibu kwa sauti ya juu. Watu walitutazama kwelikweli. Wauza nyama waliacha kukatakata. Niliondoka kichwa kikiwasha, nimejaa matumaini.

Jumatatu alinipigia simu. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu. "Sista, wanasema hali imezidi, mpaka hospitali imenitumia nesi kazini."

Baada ya hapo alirudia kula. Sikumlaumu hata siku moja, na yeyote kati yenu atakayemlaumu na akatafute kwanza nani atamlipia karo. Chipsi zikarudi, soda zikarudi, kuku wa mama mkwe wakaliwa na wengine wakatumwa. Na mwili ukarudi haraka, na ziada, kama unavyofanya mwili uliokwisha kuonja njaa. Kastoma nao wakarudi. Walimpigapiga mgongoni. "Sasa umekuwa mtu!" Akina mama wa kanisa wakatoa ushuhuda kwamba maombi yao yamejibiwa, wakamsimamisha mbele ya madhabahu akiwa amevaa kitenge kipya, na kanisa zima likapiga vigelegele.

Alikuja zahanati mara chache, kwa aibu ambayo hakustahili kuwa nayo. Nilimwambia hivyo. Nilimpima nyuma ya pazia bila kusema namba, nikampa dawa, daktari akaziongeza. Siku moja nilimvua kandambili, nikagusa nyayo zake kwa uzi mgumu ule tunaotumia, vidole vyote, akiwa amefumba macho. Nilimaliza mguu mmoja na kuingia wa pili.

"Utaanza saa ngapi?" akaniuliza.

Ilibidi nimweleze kwamba nimeshaanza zamani, kwamba mishipa ya hisia imekufa huko chini, na kwamba kuanzia siku hiyo atazame nyayo zake kila asubuhi na avae viatu vya kufunika. Aliniambia viatu vya kufunika havimwingii, miguu inavimba kutwa kwa kusimama. Tulikubaliana atafute vya wanaume. Sijui kama alitafuta. Nilimwona sokoni mara mbili baadaye na alikuwa na kandambili.

Wasusi wakimaliza nywele za kubandika huzichovya ncha kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke. Maji huletwa kwa birika, humiminwa kwenye jagi, na hapo katikati ya miguu ya watu wengi na mikoba na watoto wanaouza mifuko, jagi hupinduka. Lilipinduka siku moja Agripina akiwa anasuka. Kastoma akaruka akipiga kelele, wenzake wakaruka, na yeye akabaki amesimama palepale, akisuka na kuwacheka kwa woga wao. Ni mwenzake aliyemwambia, "Mama Tina, maji yako kwa mguu wako!" Alitazama chini akaona ngozi imeinuka. Hakusikia kitu.

"Nikasema hii ngozi imekomaa," aliniambia baadaye. "Hata nilijiona mkali."

Alipaka dawa ya meno kama watu wanavyofanya, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi, maana kisichouma kina haraka gani? Ni Tina aliyehisi harufu ndani ya nyumba. Alikuwa kidato cha nne sasa, msichana mrefu, mkimya, amefanana na mama yake machoni. Alimleta zahanati kwa nguvu. Nilipofungua kile kitambaa nilijua, na niliinama zaidi kuliko ilivyohitajika ili wasiuone uso wangu.

Tulimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Walimpokea vizuri, walifanya kila walichoweza. Wakasema mguu ukatwe chini ya goti. Nilikwenda kumwona, nikamkuta ameketi kitandani na kitambaa kichwani, Wafula amesimama mlangoni kama mtu aliyeambiwa asiingie. Agripina hakuniuliza kama atapona.

"Msusi husimama, Sista. Nikikaa, nitafikia vichwa vya watu?"

Nilimwambia tutatafuta kiti kirefu, kile cha kuzunguka. Nilimwambia nitakuwa kastoma wake wa kwanza. Alikubali mguu ukatwe, akamwambia Wafula akubali pia. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na moyo ule uliokuwa umebeba mengi haukungoja. Alifariki asubuhi ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Simu ilinikuta kazini. Niliingia chumba cha shuka chafu nikafunga mlango nikalia kwa sauti, na wale kati yenu mliokuwa zamu siku hiyo mkajifanya hamkusikia. Asanteni kwa hilo.

Nimezika wagonjwa wengi. Kwa nini huyu ananiuma zaidi? Labda kwa kuwa alifanya kila tulichomwambia. Hatukumpoteza kwa ujinga wake, maana hakuwa mjinga, wala kwa uvivu. Tulimpima kilo, kiuno, presha, sukari, na hakuna aliyewapima watu waliomzunguka. Kwa hiyo nyinyi mliobaki nyuma ya pazia, mkimwambia mtu apungue, muulizeni kwanza ni nani watakaomwona akipungua, na mkiweza waiteni hao nao waketi kwenye benchi. Mumewe, mama mkwe, mchungaji. Nilianza kufanya hivyo baada yake. Baadhi walikuja.

Familia iliomba kumuaga Satellite kabla ya kusafirisha mwili Bungoma. Sanduku lilikuwa pana, vijana walilipitisha mlangoni kwa ubavu huku wakielekezana kwa sauti ya chini. Wakalifungua tukapita kumwona. Alikuwa amelala na uso wake wa duara, mashavu yamejaa, amesukwa vizuri sana. Wenzake wa sokoni walikuwa wamemsuka usiku uliopita. Mbele yangu walipita wanawake wa kanisa, na kila mmoja alisema neno lile lile kwa namna yake: tazama, hajabadilika. Ameenda na mwili wake. Huwezi hata kusema alikuwa mgonjwa.

"Ni yale maji tu," mmoja alisema. "Kama si yale maji moto."

Mama mkwe alinitambua kwa gauni langu. Alikuja akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Ni wewe sista wake. Asante, mwanangu. Ule mwaka alipoisha tulijua tumempoteza, na wewe ukamrudisha. Mungu akubariki. Angalau amelala akiwa mtu."

Mtu mzima anapokushukuru mbele ya sanduku la mkazamwana wake, unasema nini? Nilisema, "Pole, mama." Aliendelea kunishika mikono.

Tulipotoka nje pamoja, walikuwa wanagawa chai yenye maziwa, mkate na soda, na sahani za wali kwa waliokuwa wanasafiri. Tina alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na ukuta. Hakuwa amekula tangu mama yake afe, walisema, na ilionekana. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza kwenye blauzi yake ya shule. Yule mama mkwe, nyanya yake, aliniachia mikono akaenda kumchotea sahani, wali mlima, nyama juu yake, akaiweka mapajani mwake na kumpa kijiko.

"Kula, mjukuu wangu. Kula tafadhali. Umeanza kukonda, na huko nyumbani watu watakutazama."

Tina aliinua macho akaniangalia, muda mrefu, kama anayengoja niseme kitu. Halafu akaanza kula.